Barua ya wazi kwa wakuu wa posta ya Kongo: stempu ya mwanahisabati asiye na jina

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Posta, na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Posta na Mawasiliano la Kongo (SCPT), Kinshasa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Butembo, Kivu ya Kaskazini. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na huu ni mwaka wangu wa 19 mbele ya ubao. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba. Mkipenda kunijibu kwa Kifaransa, nitasoma.

Ombi lenyewe linatosha mstari mmoja: naomba posta yetu itoe stempu ya kumbukumbu ya mwanahisabati. Kinachorefusha barua ni kwamba ninayemwombea hana jina wala picha, na hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke hakuna wa kutuambia. Aliishi Ishango, pale mto Semliki unapochomoka katika Ziwa Edward, miaka 20,000 hivi iliyopita. Kazi yake iliyotufikia ni kijifupa cha sentimita 10 tu, chenye mikato 168 iliyopangwa katika safu tatu.

Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba Ishango, ndani ya hifadhi iliyoitwa Albert enzi hizo na ambayo leo ni Virunga. Alikuta makazi ya wavuvi wa kale: mifupa ya samaki, mawe ya kusagia, vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa na kutiwa miba ubavuni. (Uvuvi wa Semliki una umri wa kutisha. Huko Katanda, chini kidogo ya mto huohuo, zimepatikana chusa za mfupa zinazokadiriwa kuwa na miaka 90,000.) Katikati ya vitu hivyo kulikuwa na mfupa mwembamba wa rangi ya kahawia iliyokolea, ncha yake moja imepachikwa kipande cha jiwe la kwatsi. Ukiutazama harakaharaka unaweza kudhani ni mpini wa kalamu. De Heinzelin akauchukua, na mwaka 1962 akaueleza kwa kirefu katika jarida la sayansi la Marekani. Tangu hapo umeshaandikwa sana katika lugha za mbali. Wenyewe uko Brussels, katika Makumbusho ya Sayansi Asilia, ndani ya kioo.

Mimi nimezaliwa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa hilohilo. Kutoka pale ukipiga kasia unafika Ishango bila kulala njiani. Shuleni tulifundishwa Pythagoras, Mgiriki wa kale wa hesabu, na mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alimchora ubaoni na ndevu zake zote kana kwamba walikutana sokoni. Ishango kwetu ilikuwa jina la mahali penye viboko wengi. Habari za mfupa nilizipata nikiwa na miaka 24, katika karatasi ya fotokopi aliyokuja nayo rafiki yangu kutoka Kisangani. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikuona fahari kwanza, niliona aibu, ile aibu ya mtu anayeambiwa na mgeni kilichomo ndani ya nyumba yake.

Sasa kila Septemba, wiki ya kwanza ya masomo, kabla ya kufungua kitabu chochote, nachora safu zile tatu ubaoni na kuwaacha watoto wagombane nazo. Naomba niwachoree na ninyi, maana stempu ninayoiomba imo humuhumu.

Safu ya kwanza ina mafungu manne ya mikato: 11, 13, 17, 19. Jumlisha, unapata 60. Safu ya pili nayo ina manne: 11, 21, 19, 9. Jumlisha, unapata tena 60. Safu ya tatu, iliyo katikati ya hizo mbili, ina mafungu manane madogo: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Hiyo ni 48.

Watoto wa darasa la kwanza la sekondari hawakawii. Kwanza wanaona ile 60 mara mbili. Kisha mmoja anaona kwamba 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5 ni namba na maradufu yake, au namba na nusu yake, na anapiga kelele kama aliyeona nyoka. Safu ya pili huchukua muda, hadi anayejua kuuza kitu sokoni anapoona kwamba ni 10 ongeza 1, 20 ongeza 1, 20 toa 1, 10 toa 1. Safu ya kwanza ndiyo iliyowapa wataalamu homa: 11, 13, 17 na 19 ni zile namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, na kati ya 10 na 20 hakuna nyingine zaidi ya hizo nne. Wenzetu wa Tanzania wanaziita namba tasa, yaani zisizozaa. Sisi huku tumezoea jina la Kifaransa, lakini lao nimelipenda, nimelichukua.

Maana yake ni nini? De Heinzelin aliona mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliupima mfupa kwa hadubini akasema ni kalenda ya mwezi, karibu miezi sita ya mwandamo. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu kama mimi, akauliza swali ambalo wanaume walikuwa hawajaliuliza: nani mwenye haja ya kufuatana na mwezi siku kwa siku kama si mwanamke anayehesabu siku zake? Wako wanaosema watu wa Ishango walihesabu kwa 12, na ushahidi wao ni kwamba 60 na 48 zote zinagawanyika kwa 12. Jaribuni: tumieni kidole gumba kugusa pingili za vidole vinne vya mkono uleule, mtafika 12. Na wako wanaosema mikato iliwekwa tu ili mkono usiteleze.

Hili la mwisho silikubali, kwa sababu anayetaka mshiko hukata ovyo mpaka atosheke, hana haja ya kuacha nafasi baada ya mikato mitatu, akaweka sita, akaacha tena. Lakini na la namba tasa pia silishabikii. Namba tasa zinahitaji uwe umeshakaa na kugawanya namba kwa namba, na kumvika mvuvi wa Semliki nadharia ya Wagiriki ni kumvalisha koti la mtu mwingine ili apokelewe mjini. Mwenzangu mmoja anayefundisha fizikia amenuna nami kwa maneno haya miaka mitatu sasa.

Jibu nililolipenda kuliko yote alilitoa mtoto wa darasa langu, msichana ambaye mama yake anauza samaki wakavu. Aliutazama ubao akasema: «Mwalimu, huyu alikuwa anaandika madeni.»

Darasa likacheka. Mimi nikanyamaza, kwa kuwa nilimkumbuka shangazi yangu. Shangazi hakusoma hata siku moja. Alinunua samaki mtumboni alfajiri, akawakopesha akina mama wa juu milimani, na deni la kila mmoja akaliandika kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango: kijistari kwa kila fungu la samaki, kisha nafasi, kisha vijistari vya mwingine. Alilipwa, akafuta kwa kidole alicholowesha mate. Hakuwahi kukosea, na waliojaribu kumbishia waliondoka wakiwa wamelipa. Alipofariki tulikuta mwimo umejaa. Kulikuwa na fungu la 7, fungu la 12, fungu la 4, mengine yamefutika nusu. Hatukujua nani anadaiwa nini. Tulikaa matangani tukiutazama ule mlango, hesabu zote zipo pale, sahihi, na aliyejua zinasema nini tumetoka kumzika.

Kwa hiyo nikisoma wataalamu wakibishana juu ya Ishango, huwa nauona mwimo ule. Nachoweza kuapa ni kidogo: mtu alikata fungu la mikato, akasimama, akaacha nafasi, akakata fungu jingine ambalo lina uhusiano na la kwanza. Alijua namba ni kitu kinachoweza kutolewa kichwani na kuwekwa juu ya mfupa, kikakaa hapo mwenyewe akilala. Kwangu mimi huyo anastahili kuitwa mwanahisabati, na namwombea mahali pa sentimita tatu kwa nne kwenye kona ya bahasha.

Najua mtaniuliza: tutatoaje stempu ya mtu asiye na uso? Waheshimiwa, nimekusanya stempu tangu padri mmoja mzee aliponiachia albamu yake, na hapa mniruhusu niifungue.

Norway mwaka 1929 ilitoa stempu nne za mwanahisabati wake Niels Henrik Abel, miaka 100 baada ya kifo chake. Abel alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 26, maskini, na nchi yake ikamlipa kwa karatasi zenye gundi. India mwaka 1962 ikamtoa mwanahisabati Srinivasa Ramanujan, karani wa ofisi ya bandari ya Madras ambaye Uingereza ilimwita akafundishe wakubwa. Stempu yake ni ya paise 15, sarafu ndogo ya India. Hao wawili walikuwa na picha. Lakini mwaka 1983 Muungano wa Kisovieti ulitoa stempu ya al-Khwarizmi, kutimiza miaka 1200 tangu azaliwe. Ndiye tuliyepata kwake neno aljebra, kutoka jina la kitabu chake, na neno algorithimu, kutoka jina lake mwenyewe. Stempu inamwonyesha na kilemba na ndevu, uso mzito wa kufikiri. Uso huo umetoka kichwani mwa mchoraji. Hakuna picha ya al-Khwarizmi, kama ambavyo hakuna picha ya kweli ya Euclid wala ya Archimedes. Wote wamepewa nyuso za kuazima, na hakuna posta iliyoona haya.

Wagiriki walifanya vizuri zaidi mwaka 1955. Kumwadhimisha Pythagoras walitoa, pamoja na nyingine, stempu yenye pembetatu tu, na kwenye kila upande wake mraba uliogawanywa vijumba kama ubao wa drafti. Unahesabu: upande mmoja vijumba 9, mwingine 16, ule mrefu 25, yaani 9 na 16 zikijumlishwa. Mtoto mwenye stempu hiyo mkononi anaweza kuithibitisha kanuni akiwa amepanga foleni. Hiyo ndiyo stempu ninayoipenda kuliko zote katika albamu yangu, na ndiyo mfano ninaouweka mezani kwenu.

Naomba basi msituchoree mtu. Namjua mchoraji atakayepewa kazi hii, hata kama bado hamjamteua: ataleta mzee wa kifua wazi, ngozi ya chui kiunoni, macho yametoka, moto nyuma yake. Msimpokee. Chora mfupa, safu zake zionekane, na mikato iwe idadi yake kamili ili anayehesabu ahesabu. Mfupa una pande, kwa hiyo picha moja haitaonyesha vyote. Stempu tatu zinafaa, moja kwa kila safu, zimeungana katika karatasi moja ndogo, na chini yake maji ya Semliki yakipita kutoka stempu hadi stempu. Thamani mnazijua ninyi, lakini mkiweza kuzifanya zilingane kama 60, 60 na 48, mwalimu mmoja wa Butembo atawashukuru na watoto watapata zoezi la bure.

Nikaragua mwaka 1971 ilitoa stempu kumi za kanuni zilizobadili dunia, ya kwanza ikiwa 1 + 1 = 2, na nyuma ya kila stempu wakachapa maelezo ya kanuni. Wazo zuri sana, ila aliyeilamba na kuibandika ndiye aliyepoteza somo. Maelezo yetu yakae pembezoni mwa karatasi, mahali pasipobandikwa.

Na maneno hayo yawe machache na yawe ya kweli. Hapa nawasihi kuliko popote. Ufaransa mwaka 1937 ilitoa stempu ya Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati wake, na jina la kitabu chake maarufu likachapwa na neno moja dogo lililokosewa. Ilibidi watoe nyingine iliyosahihishwa mwaka uleule. Wakusanyaji wanaichekelea mpaka leo. Sisi hatutakosea neno, tutakosea kwa majivuno. Nimesikia watu wetu wakisema mfupa wa Ishango ni kompyuta ya kwanza duniani. Si kompyuta. Nimesikia kwamba hesabu zilizaliwa Kongo na kuhamia Misri kwa Semliki. Ni kweli maji ya Ishango yanapita Ziwa Albert na kuingia Nile, lakini maji kufika Misri ni jambo moja, hesabu kufika ni jambo jingine. Wala msiandike kuwa ndio mfupa wa kale kuliko yote wenye mikato: ule wa Lebombo, kusini mwa Afrika, una mikato 29 na umri wake unapita wetu maradufu. Hata mnyama msimtaje. Vitabu vingi vinasema nyani, wengine wanasita. Andikeni «mfupa», inatosha. Na kwa kuwa mikato michache imechakaa na wataalamu hawaihesabu sawasawa, fuateni hesabu ya 168 iliyozoeleka.

Mimi ningeandika hivi: «Mwanahisabati wa Ishango, miaka 20,000 hivi iliyopita.» Iwe kwa lugha zote nne na Kifaransa, kama nafasi ipo. Kama haipo, basi Kiswahili na Kifaransa, maana mfupa ulitoka upande wetu wa Kiswahili. Najua wa Kinshasa atasema napendelea. Ndiyo, napendelea.

Mtaniambia pia kwamba siku hizi hakuna anayeandika barua. Mimi mwenyewe barua hii mtaisomea kwenye simu. Lakini posta zote duniani zinajua kwamba stempu ya kumbukumbu haitolewi kwa ajili ya barua peke yake. Inatolewa kwa ajili ya albamu, ya shule, ya mtoto anayeipata kwenye bahasha ya baba na kuuliza huyu ni nani. Tumezitumia zetu kwa okapi, kwa sokwe, kwa vinyago, hata kwa ngumi za Ali na Foreman. Zote nzuri. Ila mgeni akizipanga stempu zetu mezani ataona nchi ya wanyama, ya sanaa na ya mabondia, na hatadhani kuna aliyewahi kukaa chini akafikiri namba.

Kuna jambo jingine ambalo mnalijua kuliko mimi. Sokoni kuna vipande vingi vyenye jina la Kongo ambavyo havijawahi kupita kwenye dirisha la posta yoyote ya Kongo, vimechapwa ng'ambo na kuuzwa ng'ambo. Mkusanyaji makini akiona jina letu anakunja uso kwanza. Umoja wa Posta Duniani una mfumo wa kusajili stempu halali kwa namba tangu 2002, na hii isajiliwe kabla haijauzwa hata moja. Na isiachiwe wakala wa ng'ambo aifanye atakavyo, tukaja kuiona mara ya kwanza kwenye intaneti ikiuzwa kwa euro. Ikichapwa nje kwa sababu ya mitambo, sawa, lakini mchoro utoke kwa kijana wetu. Chuo cha sanaa kipo Kinshasa, na wachoraji wapo Goma na Bukavu.

Muhuri wa siku ya kwanza naomba ugongwe Butembo au Beni, siku ileile ya Kinshasa, wala si wiki mbili baadaye kwa masalio. Ishango kwenyewe ningependa, lakini sitaki kuwadanganya: usalama wa kule mnaujua, na walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wameshapoteza maisha wakiilinda hifadhi. Tusiwaongezee kazi ya kulinda wageni wa sherehe. Ila kabla mchoro haujapitishwa, mtu apelekwe Kyavinyonge akakae na wavuvi, awaonyeshe picha, awasikilize. Watakuwa na la kusema juu ya rangi ya maji, nawahakikishia. Mchoraji wa mjini hulipaka ziwa bluu. Ziwa letu halina bluu hiyo asubuhi, lina rangi ya chuma.

Siku yenyewe nashauri iwe 14 Machi. UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, kwa kuwa Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku na kupata 3/14, mwanzo wa ile namba ya duara, 3.14. Sisi tunaandika 14/3, ambayo haina duara lolote ndani yake. Hata hivyo dunia imeshakubaliana, na sherehe ya bure haikataliwi.

Barua hii haidai mfupa urudi. Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko katika makumbusho ya Afrika huko Tervuren, karibu na Brussels, na mwaka huohuo jino la Lumumba likarudi nyumbani. Mazungumzo hayo yana wenyewe, na kijifupa chetu kiko katika makumbusho mengine kabisa. Nikiamua kukidai nitaandika barua nyingine, na haitakuwa na upole huu. Kwa sasa wanafunzi wangu hawana visa ya kwenda kukitazama, nami sina. Nilikitengeneza kwa mfupa wa mbuzi na msumari, mikato yote 168, kazi ya jioni mbili, na mara mbili nilipoteza hesabu nikaanza upya na mfupa mwingine. Ndipo nilipoelewa kwamba yule wa Ishango, mwenye kipande cha jiwe na mwanga wa moto, alikuwa na utulivu ambao mimi sina. Mfupa huo wa mbuzi unapita mkononi mwa kila mtoto anayeingia darasani kwangu. Umeshakuwa laini. Nauazima kwa mchoraji wenu akiuhitaji, kwa sharti kwamba aurudishe kabla ya Septemba.

Mkilikubali ombi hili, stempu za kwanza nitazinunua dirishani kwa pesa yangu. Safu tatu nitazibandika kwenye bahasha moja na kuituma Brussels, kwa makumbusho, kwa anayeshika ufunguo wa kile kioo. Ndani nitaweka karatasi ya daftari yenye jibu la yule msichana wa samaki wakavu, nimuulize kama katika miaka yote hii kuna aliyewahi kulifikiria deni.

Wenu,
Mwalimu wa hesabu, Butembo